Mgongo, Shingo na Kazi ya Kukaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoingia kliniki wameshika kiuno si wabeba mizigo wa sokoni peke yao. Siku hizi wengi ni wahasibu, makarani, watu wa benki, wanaojibu simu za wateja na wanaoshinda kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi taa zinawashwa. Maswali yao yanafanana mno, ndiyo maana nimeyaweka pamoja na majibu ninayowapa. Wengi huniita dokta. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, kwa hiyo pale ambapo jambo ni la daktari nimesema wazi.

Mgongo unaniuma tangu mwaka jana. Ndiyo maumivu sugu hayo?

Ndiyo. Maumivu yakivuka miezi mitatu yanahesabiwa kuwa sugu. Hilo halina maana kwamba kuna kitu kinaendelea kuoza huko ndani. Msuli au kano iliyojeruhiwa kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache. Kinachobaki mara nyingi ni mfumo wa neva ulio mwepesi wa kushtuka kupita kiasi. Mfikirie mlinzi wa getini aliyewahi kuvamiwa usiku: tangu siku hiyo, hata paka akiruka ukuta anapuliza filimbi. Filimbi ni ya kweli, imekuamsha, imekunyima usingizi. Mwizi ndiye hayupo.

Kwa hiyo mtu asikuambie unajifanya. Maumivu unayasikia kweli. Ila sehemu kubwa ya tiba ni kumzoesha yule mlinzi, pole pole, kwamba kuinama na kunyanyua ndoo si uvamizi.

Na si wewe peke yako. Makadirio ya mwaka 2020 yalihesabu watu milioni 619 duniani wenye maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna tatizo jingine la afya linalowakwamisha watu wengi zaidi katika shughuli zao.

Sibebi zege wala gunia. Kukaa tu kunaumizaje?

Tatizo ni kutulia. Misuli ya shingo na mabega ikishikilia kichwa cha kilo 5 hivi kilichosogea mbele kuelekea skrini, inafanya kazi ndogo isiyo na mapumziko, na kazi ndogo ya saa nne mfululizo huchosha kuliko kazi kubwa ya dakika mbili. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo nazo, kwa mtu mzima, karibu hazina mishipa yake ya damu. Chakula chake hupenya kutoka pembeni, na kupenya huko kunasaidiwa na kubanwa na kuachiwa, yaani kujongea. Ukikaa asubuhi nzima bila kubadili mkao, nyonga zinajikunja na kubaki hivyo, misuli ya makalio inalala, na ukisimama unatembea hatua tatu za kwanza kama mzee.

Watu hutaka kusikia kwamba kosa ni kukaa vibaya. Nimeshaona waliokaa wima kama askari wa gwaride wakiumwa kuliko wanaojilaza kitini. Hakuna mkao mmoja mtakatifu. Mkao mzuri ni ule unaofuata, kisha ule unaofuata huo.

Nimeambiwa ni figo. Mwingine kasema ngiri. Hospitali waliandika UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Nimwamini nani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na limewagharimu watu fedha nyingi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Figo ikiuma, huuma pembeni, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja. Maumivu yake hayajali umekaa, umelala au umejinyoosha. Huja pamoja na homa, kutetemeka, kichefuchefu, au mkojo wenye damu. Jiwe la figo huja kwa mawimbi makali, na mtu hatulii, anazunguka chumba kizima. Mgongo wa kukaa una tabia nyingine kabisa: asubuhi una nafuu, saa tisa alasiri unachoma, ukiinuka ukatembea hadi dirishani unapungua, na Jumamosi ukishinda sokoni na kufua unashangaa hukuukumbuka. Figo haijui kama leo ni Jumamosi.

Tena kuna jambo la hatari upande wa pili. Figo zinazoanza kushindwa kazi kwa kawaida haziumi. Mtu mwenye presha au kisukari asisubiri mgongo umwambie. Apimwe damu na mkojo kila daktari anapomwelekeza, mgongo uume au usiume.

Ngiri ya kweli ni utumbo au mafuta yanayochungulia kupitia sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Utaona uvimbe kinenani au kitovuni, ukikohoa unatokeza, ukilala unarudi. Hiyo ni ya daktari wa upasuaji. Ile "ngiri ya mgongo" inayotangazwa kwa kipaza sauti stendi, ambayo eti inaumiza kiuno, inapunguza nguvu za kiume na inatibiwa kwa chupa moja ya dawa, imebuniwa ili chupa iuzwe. Nguvu za kiume zinapungua, ndiyo, kwa mtu asiyelala vizuri, mwenye msongo na anayeogopa kujitonesha kiuno. Akianza kulala na kujongea bila woga, mara nyingi nazo hurudi.

UTI ina dalili zake: kuungua wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo kila mara, maumivu chini ya kitovu. Kama huna hizo na umeshapewa antibayotiki mara ya pili au ya tatu kwa sababu ya mgongo, omba mkojo uoteshwe maabara ionekane kama kuna bakteria, kabla ya kumeza dozi nyingine.

Basi dalili zipi zinanipeleka hospitali leo leo?

Ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, pale unapogusa tandiko ukipanda baiskeli. Mkojo au choo kutoka bila kujijua, au mkojo kugoma. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hayo yakitokea usisubiri kesho asubuhi. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa, na saa zinahesabika.

Nyingine si za usiku huo lakini ni za wiki hiyo: mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda bila sababu. Huku kwetu hiyo inatufanya tufikirie kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho kinaweza kumpata mtu asiyekohoa kabisa. Pia maumivu baada ya ajali au kuanguka, maumivu kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, kwa anayetumia muda mrefu steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa mwenye upungufu wa kinga, na maumivu yanayozidi usiku hata ukiwa umelala umetulia, bila kugeuka wala kujongea. Mguu mmoja unaozidi kupoteza nguvu, kiasi kwamba kandambili inachomoka bila kujua, nao upelekwe haraka.

Nimepiga picha ya MRI. Ripoti inasema diski zimechakaa na moja imetokeza. Nimeisha?

Hujaisha. Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 50, asilimia 80. Diski zilizotokeza zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 60 ya watu wa miaka 50. Hao wote walikuwa wanacheza mpira, wanalima, wanalea, hawana habari.

Mvi za ndani, basi. Ripoti ina maana pale inapolingana na mwili: diski ya upande wa kushoto, na maumivu yanayoshuka mguu wa kushoto kupita goti, na nguvu iliyopungua kwenye kidole gumba cha mguu huo. Hapo tunazungumza sayatika, na hata yenyewe kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki hadi miezi michache bila kisu, kwa kuwa diski iliyochomoza mara nyingi husinyaa yenyewe. Nimewahi kupokea mtu aliyeacha kumbeba mwanawe kwa sababu ya sentensi moja ya ripoti. Alikuwa haumwi mguu, hana ganzi, nguvu zake zote anazo. Ile karatasi ndiyo iliyomfunga.

Ninunue kiti gani?

Kabla hujatoa fedha, rekebisha ulichonacho. Kaa, miguu ifike chini yote. Haifiki, weka boksi au kigoda. Magoti na nyonga viwe karibu usawa mmoja, au nyonga juu kidogo. Mgongo uguse egemeo. Kama kuna uwazi kiunoni, kunja khanga au taulo, lijaze hapo. Viwiko vikae karibu na mbavu, mikono ifike kwenye kibodi bila mabega kupanda. Kama meza iko juu sana, na meza nyingi za ofisi zetu zilitengenezwa kwa kuandikia kalamu, inua kiti kisha inua na miguu.

Pochi nene toa mfuko wa nyuma. Unakaa umepinda siku nzima kwa ajili ya risiti za mwaka juzi.

Kiti cha bei mbaya kinasaidia kwa faraja, sikatai. Lakini kina hila yake: kikiwa kizuri sana, huinuki.

Natumia laptop. Shingo ndiyo inayoniua.

Laptop ilitengenezwa ibebwe. Skrini imefungwa na kibodi, kwa hiyo ukiweka mikono pazuri macho yanakuwa chini, ukiinua macho mikono inaning'inia. Zitenganishe. Tafuta kibodi na mausi za nje, hata za bei ya chini, kisha iinue laptop hadi ukingo wa juu wa skrini ufikie usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa.

Huhitaji stendi. Rimu moja ya karatasi za A4 ina unene wa sentimita 5 hivi, na ofisi gani haina rimu? Mbili au tatu zinatosha watu wengi. Mradi uwaambie wenzako, maana kuna siku printa itaishiwa na mtu atachomoa ya chini.

Anayevaa miwani ya lensi mbili ashushe skrini zaidi, la sivyo atakuwa anainua kidevu kutwa ili asome kupitia sehemu ya chini ya lensi.

Nisimame kila baada ya muda gani? Bosi ataniona mvivu.

Kila nusu saa hivi, hata kwa dakika moja. Usitafute namba kamili, tafuta visingizio. Simu ikiita, ipokee umesimama. Chupa ya maji iwe ndogo ili uende kuijaza, na maji yenyewe yatakupeleka msalani. Ujumbe kwa mtu wa chumba cha pili, upeleke kwa miguu. Printa iwe mbali. Chai usiletewe mezani.

Kuhusu bosi: hakuna anayeulizwa anakwenda wapi akishika karatasi mkononi. Shika karatasi.

Meza za kusimamia zimeanza kuingia kwenye ofisi za kisasa. Zina faida kama unabadilisha, kukaa kidogo, kusimama kidogo. Kusimama kutwa nako kunaleta mgongo na kuvimba miguu, waulize wauza duka na walinzi.

Nipe mazoezi basi, yale ya uhakika.

Hakuna zoezi moja lililothibitika kuwashinda mengine yote kwa mgongo sugu. Linaloshinda ni lile utakalolifanya wiki ijayo. Haya ninayatoa mara nyingi kwa sababu hayataki gimu.

Kurudisha kidevu: ukiwa umekaa, tazama mbele, sukuma kidevu nyuma moja kwa moja mpaka kidevu cha pili kitokee. Usiinamishe kichwa. Shikilia sekunde 5, achia, mara 10. Utaonekana kituko, fanya wenzako wakiwa kwenye kikao.

Kujinyoosha nyuma: simama, viganja kiunoni, jikunje kuelekea nyuma polepole mara 10. Kama hilo linafanya maumivu yateremke hadi mguuni, liache, na badala yake kaa kitini ujiinamie mbele mpaka mikono iguse viatu. Migongo haifanani.

Daraja: lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani. Sekunde 5, mara 10.

Kuinuka kitini bila kushika popote, mara 10. Hili watu hulidharau mpaka wafike la saba.

Kuvuta: tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi, ikate upate mkanda mrefu, uzungushe kwenye nondo ya dirisha. Simama, shika ncha zote mbili, vuta viwiko nyuma mpaka mabapa ya mabega yakaribiane, rudisha taratibu. Mizunguko miwili ya mara 10, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Kwa shingo na mabega ya kompyuta, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na tyubu inadumu miaka.

Halafu kutembea. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2024 ulifuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kuumwa mgongo. Waliopangiwa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo hadi kufikia nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kabla ya kuumwa tena, wakati wenzao walikaa 112, kwa kipimo cha mtu wa katikati. Kutembea hakuna ada. Shuka kituo kimoja kabla.

Nikifanya mazoezi inauma zaidi. Si dalili kwamba ninajiumiza?

Kuuma kidogo wakati wa zoezi, kukatulia kabla ya kesho yake, kunaruhusiwa. Kanuni ninayotumia: ukipima maumivu kwa 0 hadi 10, yasipande zaidi ya alama 2 juu ya kawaida yako, na kesho asubuhi yawe yamerudi. Yamepita hapo? Punguza nusu, usiache.

Wanaoharibu ni wale wa kufanya vyote siku moja. Mhasibu anafunga hesabu mwisho wa mwezi, hainuki wiki nzima. Zikiisha, kwa furaha anaosha gari, anapanga stoo, anacheza mechi ya maveterani Jumapili. Jumatatu hawezi kuvaa soksi. Anapumzika kitandani siku nne, misuli inalegea, anarudi kazini dhaifu kuliko alivyokuwa, na mwisho wa mwezi mwingine unafika. Akija kwangu anasema mgongo unamrudia "bila sababu". Sababu iko kwenye kalenda. Ajue siku zake za nguvu asizimalize zote, na siku za maumivu asilale. Kulala kitandani kama tiba kulishaachwa zamani.

Mkanda wa kiuno unasaidia?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu mgongo sugu, uliotoka Desemba 2023, haupendekezi mikanda kwa matumizi ya kawaida. Haupendekezi pia kuvutwa mgongo kwa mashine. Unachopendekeza ni elimu, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, msaada wa kisaikolojia na, kwa wanaofaa, dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni. Ukiwa na mkanda tayari, uvae siku ya safari ya basi inayochukua saa kumi, basi.

Dawa je? Nikichoma sindano ya diklofenaki napata nafuu siku mbili.

Nafuu unaipata, sibishi. Shida ni kuifanya mshahara wa kila wiki. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huchubua tumbo mpaka vidonda, hupandisha presha na huumiza figo. Sasa fikiria mtu aliyeogopa figo tangu mwanzo, akanywa dawa hizo miezi sita kwa kujinunulia duka la dawa. Amejitafutia alichokuwa anakikimbia. Zitumike kwa siku chache, baada ya kula, na mwenye presha, vidonda vya tumbo, tatizo la figo au ujauzito amwone daktari kwanza.

Soma karatasi ya dawa. Vidonge vingi vya mgongo ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na mtu huongeza parasetamoli nyingine juu yake bila kujua. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ini ndilo linalolipa ukizidisha. Tramadoli ni jamii ya afyuni. Kwa mgongo sugu faida yake ni ndogo na kuacha ni kazi. Na ile dawa ya mitishamba "inayoponya siku hiyo hiyo", inayokuongezea hamu ya kula na kukuvimbisha uso, jiulize kama hakuna steroidi iliyosagiwa humo.

Kukandwa na kupiga chuku kuna ubaya?

Kukandwa kunalegeza, kunaleta usingizi, na mkono wa mtu unaokujali nao ni dawa. Nafuu yake ni ya muda, kwa hiyo itumie kufungua mlango wa mazoezi: ukandwe, kisha utembee. Dawa ya kuchua yenye joto haina neno kama ngozi haina kidonda. Akikuambia "mshipa umepanda juu ya mshipa", mwache aseme, mradi asipige mgongo kwa magoti wala asivunje shingo.

Chuku au hijama wengine wanaisifu, na wengine wanaifanya kwa imani ya dini, sina ugomvi nao. Ila wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako, vikombe visiwe vya damu ya mtu mwingine. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichanjwe.

Vidole vyangu vinaingia ganzi usiku. Ni shingo?

Inategemea vidole gani. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na unaamka unakung'uta mkono: huo ni mshipa wa neva unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hupatikana sana kwa wajawazito, wenye kisukari na wenye tatizo la tezi ya shingo pia. Anza kwa kulala na bandeji ngumu inayonyoosha kifundo. Kidole kidogo na nusu ya cha pete: tazama kiwiko, huenda unakiegemeza kwenye ukingo wa meza kutwa. Ganzi inayoshuka mkono mzima ukigeuza shingo, hiyo ndiyo ya shingo. Ukiona nyama ya chini ya gumba inapungua, usingoje.

Nilale chini sakafuni? Wazee wanasema godoro laini linaharibu mgongo.

Jaribio lililofanyika Hispania na kutangazwa mwaka 2003 lililinganisha godoro gumu na la ugumu wa wastani kwa watu wenye mgongo sugu, na la wastani likashinda. Godoro lililobonyea katikati kama mtumbwi, hilo libadilishe, au uanze kwa kuligeuza. Ukilala ubavu weka mto kati ya magoti. Chali, mto chini ya magoti. Mito miwili mirefu chini ya kichwa inakunja shingo ile ile iliyokunjwa na laptop mchana.

Kurukuu na kusujudu kunaniuma. Nisali kwenye kiti?

Hukumu ya dini muulize shehe. Ninachojua ni kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kusali amekaa. Kwa upande wa mwili, faradhi za siku ni rakaa 17, maana yake rukuu 17 na sijida 34. Ni mzunguko mzuri wa kujikunja na kujikunjua, umegawanywa siku nzima, jambo ambalo mtu wa ofisini hupaswa kulilipia kliniki. Kwa hiyo kama unaweza, endelea. Inama kwa kukunja nyonga, si kiuno tu. Ukiteremka tanguliza mikono mapajani. Ukiinuka simamisha goti moja na ujisukume kwa mkono. Siku ambazo mgongo umekaza kweli, kiti hakina aibu. Ila kisiwe cha kudumu kwa sababu ya woga.

Mchana nakaa ofisini, jioni nakaa saa mbili nzima kwenye foleni.

Foleni siwezi kuitibu. Ukiendesha, sogeza kiti karibu ili usinyooshe mguu kuitafuta klachi, khanga iliyokunjwa irudi kiunoni, na foleni ikisimama kaza makalio na uyaachie, geuza shingo huku na huku. Kwenye daladala au mwendokasi, kusimama si adhabu kwa aliyekaa tangu asubuhi. Umwachie mwenye mimba kiti na mgongo wako upumue. Kwenye bodaboda, mwambie dereva apunguze kwenye matuta.

Daktari ameniuliza kuhusu usingizi na msongo. Anadhani ninaumwa kichwani?

Hapana, amekuuliza vizuri. Usiku wa kulala kwa saa nne tu unafanya maumivu yale yale yasikike makali zaidi kesho yake. Kadhalika mkopo unaosumbua, mkuu wa idara anayefoka, mshahara uliochelewa. Wanaoogopa kila mjongeo ndio wanaochelewa kupona, hata kama picha zao ni safi. Ukiona unaamka bila hamu ya kitu chochote kwa wiki kadhaa, sema. Hiyo nayo inatibika, na mgongo hufuata.

Mwajiri ananidai niwe mezani kutwa. Sheria inasemaje?

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Watu wanayala mezani mbele ya kompyuta, halafu wanalaumu kiti. Sheria hiyo hiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili kazini.

Fidia kwa mgongo wa kukaa ni ngumu kuliko ya kukatwa na mashine, kwa sababu lazima uhusiano na kazi uthibitishwe. Weka kumbukumbu tangu mapema: lini ulitoa taarifa, kwa nani, kwa maandishi. Lakini kwa uzoefu wangu barua fupi kwa afisa utumishi ikiomba kibodi ya nje na ruhusa ya kuinuka, ikiambatana na cheti, inazaa matunda haraka kuliko madai. Ombi lenye bei ndogo ni gumu kukataliwa.

Nikija fiziotherapia mara ya kwanza, nije na nini?

Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kitengo hiki. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando. Kama unatumia bima, uliza kwanza kama inataka rufaa ya daktari, usije ukarudishwa dirishani. Njoo na picha na ripoti zako zote, na dawa zenyewe unazomeza, za hospitali na za majani, kwenye mfuko. Vaa suruali unayoweza kukunja hadi gotini. Na kabla hujatoka ofisini mwambie mwenzako akupige picha ya simu, ya ubavu, ukiwa umezama kazini na umeshasahau kwamba anakupiga. Hiyo picha ndiyo nitakayoomba kuiona kabla ya MRI.